Jibu la damu limetoka: mwongozo kamili wa vipimo vya kingamwili kwa watu wa Bukavu

Kipimo cha kingamwili hakitafuti kirusi chenyewe. Kinatafuta protini ambazo mwili hutengeneza baada ya kukutana na kirusi, na protini hizo hufuata ratiba ya mwili: hukawia kutokea, hukawia zaidi kuondoka, na mara nyingine huitika hata pasipo kirusi kinachotafutwa. Mbwa akibweka usiku unajua kuna kitu kimepita karibu na ua. Hujui kama ni mwizi au jirani, wala kama bado yupo.

Hata hivyo, watu wengi wanaofika labo hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wa Kadutu, Bagira na Panzi na wale wanaotoka Walungu na Kabare, hupokea karatasi ya jibu kama hukumu. Mtu anasoma *réactif*, yaani kipimo kimeitika, anakunja karatasi, anaondoka bila kuuliza neno. Mwingine anasoma *non réactif*, yaani hakikuitika, na siku hiyo hiyo anaacha kujilinda. Wote wawili wanaweza kuumia. Ninaandika kwa ajili yao na kwa ajili ya ndugu wanaowasindikiza.

Hatua ya 1: Jua unachouliza kabla ya kutoa damu

Damu inaweza kuulizwa maswali matatu tofauti. Je, kirusi kimo mwilini sasa hivi? Je, kiliwahi kuingia? Je, nina kinga? Kingamwili hujibu vizuri swali la pili na la tatu. La kwanza hulijibu vizuri kwa magonjwa machache tu, hasa yale ambayo kirusi kikishaingia hakitoki, kama VVU.

Kwa hiyo ukiwa na homa kali ya siku mbili, kipimo cha kingamwili karibu hakina la kukuambia. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoanzia Kivu ya Kaskazini na kufika hata Mwenga kwetu mwaka 2019, wagonjwa walithibitishwa kwa mashine ya GeneXpert, inayotafuta vinasaba vya kirusi chenyewe. Kingamwili zingechelewa mno. Tena watu wengi walikwishapata chanjo ya Ebola, na chanjo ile huuzoesha mwili kutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya ganda la kirusi. Aliyechanjwa angeweza kutoka chanya hali hana ugonjwa.

Mpox, yaani ndui ya nyani, ni hivyo hivyo. Tangu aina mpya ya kirusi hicho ilipoibuka Kamituga, hapa kwetu Kivu ya Kusini, jibu linaloaminika ni la sampuli iliyochukuliwa kwenye kidonda, majimaji au ganda lake, ikapimwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba vya kirusi. Kingamwili za mpox na za ndui zinafanana kiasi kwamba wazee wetu waliochanjwa ndui kabla dunia haijatangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 1980 wanaweza kuonekana kama waliougua mpox. Mtu akikuahidi kukupima mpox kwa tone la damu ya kidole, mwombe akuelekeze kwenye kituo kinachochukua sampuli ya kidonda.

Ukiagizwa kipimo, muulize daktari: "Dokta, hiki kinatafuta kirusi au kinatafuta kingamwili?" Swali hilo moja linatosha kuanza vizuri.

Hatua ya 2: Hesabu siku tangu ulipohofia kuambukizwa

Kati ya siku ya maambukizi na siku ambayo kipimo kinaweza kuyaona kuna kipindi cha ukimya. Ndani ya kipindi hicho unaweza kuwa na kirusi kingi kwenye damu, ukaambukiza wengine, na jibu likatoka hasi.

Kwa VVU, vipimo vya haraka vinavyotafuta kingamwili peke yake huhitaji kati ya siku 23 na 90. Vile vya maabara vinavyotafuta kingamwili pamoja na kipande cha kirusi kiitwacho p24, kwa damu ya mshipa, huanza kuona kati ya siku 18 na 45. Kipimo cha vinasaba huwahi zaidi, kati ya siku 10 na 33. Hakuna hata kimoja kinachoona maambukizi ya juzi. Kama hatari ilitokea ndani ya saa 72 zilizopita, kama mtu aliyebakwa au muuguzi aliyechomwa na sindano, kimbilia hospitali leo kuomba dawa za kuzuia maambukizi. Kupima kutafanyika hapo hapo, lakini dawa hazisubiri kingamwili.

Kwa homa ya ini C kingamwili kwa kawaida huonekana baada ya wiki 8 hadi 11. Surua ni tofauti: kingamwili za mwanzo, zinazoitwa IgM, hujitokeza karibu na siku ya vipele, ila damu ikichukuliwa ndani ya siku tatu za kwanza za vipele, takriban mtoto mmoja kati ya wanne wenye surua kweli anaweza kutoka hasi. Mama akiambiwa mwanawe hana surua siku ya pili ya vipele, na macho ni mekundu na kikohozi kipo, arudi.

Ukiwa hujui siku kamili, hesabu kuanzia tukio la mwisho la hatari.

Hatua ya 3: Mwambie mpimaji mambo ambayo hatakuuliza

Foleni ikiwa ndefu, mpimaji anauliza jina, umri na mahali unapoishi, basi. Mambo yafuatayo yanabadilisha maana ya jibu, kwa hiyo yaseme wewe mwenyewe.

Sema kama unatumia dawa za VVU, hata kama unaona aibu. Mtu aliyeanza dawa mapema anaweza kuwa na kingamwili chache mno, kipimo kisizione. Nimewaona watu wanaokwenda kupima upya kituo kingine baada ya maombi au dawa za mitishamba, wanatoka hasi, wanaacha vidonge. Kirusi hakijatoka. Dawa zimekinyamazisha, na kikirudi hurudi na nguvu. Ukishathibitishwa na kuanza dawa, kipimo chako ni cha wingi wa kirusi kwenye damu. Kipimo cha kidole hakikuhusu tena. Vivyo hivyo anayemeza dawa za kujikinga na VVU aseme, maana nazo zinaweza kuchelewesha kingamwili.

Sema kama una malaria au umetoka kuitibu. Malaria huamsha mwili utengeneze kingamwili za kila namna, nyingine zikinata ovyo kwenye vipimo. Nchini Benin, damu za wagonjwa wa malaria zilizochukuliwa kabla korona haijafika zilipimwa kwa vipimo vya kingamwili vya korona, na baadhi zikatoka chanya kwa kirusi kilichokuwa hakijaingia nchini. Ugonjwa wa malale nao unajulikana kwa kuchanganya vipimo vya VVU, na sisi tunaishi katika nchi yenye malale.

Sema pia kama umechanjwa karibuni, una mimba, uliongezewa damu, au una ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe. Damu ya mtu mwingine huja na kingamwili zake. Na dada wanaomeza vidonge vya biotini kwa ajili ya nywele na kucha wavitaje: dozi kubwa huvuruga baadhi ya mashine za maabara.

Hatua ya 4: Angalia kinachofanyika mezani

Una haki ya kuangalia, na mpimaji mzuri hatakasirika.

Kifuko cha kaseti, kile kibao kidogo cha plastiki cha kupimia, kifunguliwe mbele yako. Ndani kuna kaseti na kijipakiti kidogo cha kunyonya unyevu. Kifuko kilichotoboka au kilichofunguliwa tangu asubuhi hakifai. Tarehe ya mwisho wa matumizi imeandikwa juu. Vifaa vingi hivi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 30 za joto. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari na baridi yetu inavisaidia. Joto la Uvira ni jambo jingine, na boksi lililoshinda juani ndani ya gari kwenye barabara ya bondeni limeshadhurika kabla halijafika kwetu. Ndiyo maana napenda kituo kinachojua vifaa vyake vimetoka wapi na vimepitia wapi.

Kisha kidole. Kinapanguswa kwa spiriti na kuachwa kikauke. Spiriti ikichanganyika na damu huiharibu. Tone la kwanza hufutwa kwa pamba. Tone la pili huchukuliwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye alama, halafu huwekwa kwenye kishimo cha kaseti, ndipo dawa ya maji inadondoshwa kwa idadi iliyoandikwa kwenye kijikaratasi cha kiwandani. Damu chache, au dawa ya maji iliyoazimwa kutoka boksi la kampuni nyingine, na jibu limeharibika hapo hapo bila mtu kujua.

Wekundu unapanda taratibu kwenye utepe mweupe, unasafisha njia nyuma yake, na mstari wa kwanza unajitokeza mahali palipoandikwa C. Huo ni mstari wa udhibiti. Usipotokea, kipimo ni batili hata kama mstari mwingine umeng'aa. Kirudiwe kwa kaseti mpya. Mstari wa pili, kwenye T, ukionekana hata kwa ukungu, huhesabiwa kuwa umeitika. Lakini mistari hafifu inastahili ufuatiliaji wa makini zaidi, kwa sababu ndiyo inayosingizia watu mara nyingi.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Vipimo vingi husomwa baada ya dakika 15, na kila kimoja kina mwisho wake: kingine dakika 20, kingine hadi 60. Kaseti iliyosahaulika mezani hadi mchana inaweza kuchora mstari wa uongo damu inapokauka. Kama mpimaji alikuwa na watu kumi kwa mara moja na hakuandika saa popote, omba kwa upole kirudiwe.

Hatua ya 5: Jibu likitoka *réactif*, usiondoke

Hapa nitakaa kwa muda, maana ndipo maisha ya watu yanapovunjika bure.

Chukua kipimo cha VVU kizuri kabisa, kinachonasa watu 99 kati ya 100 wenye kirusi, na kinachowaacha salama 98 kati ya 100 wasio nacho. Pima watu 1000 wa kawaida, ambao 10 tu kati yao wana kirusi. Kiwango hicho hakiko mbali na chetu: utafiti wa kitaifa wa 2013 na 2014 ulikuta takriban 1.2% ya watu wa miaka 15 hadi 49 nchini wana VVU. Kipimo kitawanasa wote 10, au kimkose mmoja. Wasio na kirusi ni 990, na kwa kuwa kipimo kinakosea kwa 2 kati ya kila 100, kitawasingizia karibu 20. Jumla ya walioitika ni 30, na 20 kati yao hawana chochote. Kipimo hakijaharibika. Ndivyo ilivyo pale kitu unachokitafuta kinapokuwa adimu.

Sasa pima watu 1000 ambao 100 kati yao wana kirusi. Wanaonaswa ni 99, wanaosingiziwa ni 18. Mstari ule ule kwenye kaseti ile ile sasa unasema kweli kwa watu zaidi ya 8 kati ya 10. Kwa hiyo daktari anapokuuliza habari za mwenzi wako na za maisha yako, mjibu kweli. Anapima uzito wa jibu.

Dawa ya tatizo hili ni kipimo cha pili cha aina tofauti, kisha cha tatu. Kwa hesabu ya karatasini, vipimo viwili vingetosha. Bukavu ilionyesha kwamba havitoshi. Kati ya Januari na Mei 2006, Madaktari Wasio na Mipaka walichunguza majibu ya vituo vyao vya upimaji hapa mjini. Watu 2864 walifika. Waliotoka chanya kwenye vipimo viwili vya haraka walikuwa 229, na kati ya hao 24 hawakuthibitika kuwa na VVU kwenye kipimo cha uhakika cha maabara. Kama kila kipimo kingekosea peke yake, kwa kiwango kile cha 2 kati ya 100, tungetegemea mtu mmoja hivi asingiziwe na vyote viwili. Walikuwa 24. Vipimo vya kampuni tofauti mara nyingi hutumia vipande vya kirusi vinavyofanana, kwa hiyo kingamwili inayonata ovyo kwenye cha kwanza inanata na kwenye cha pili. Vinakosea pamoja, kwa mtu yule yule.

Watu hao 24 walikuwa majirani zetu. Ukifikiria ndoa, mimba na usiku waliokesha kwa hofu, utaelewa kwa nini nasisitiza.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linashauri kila nchi itumie vipimo vitatu mfululizo vilivyoitika kabla ya kumwambia mtu kwamba ana VVU. Linashauri pia apimwe upya kwa damu mpya kabla ya kuanza dawa, ikiwezekana na mpimaji mwingine. Hapo utajua la kuuliza: "Dokta, hili ni jibu la kipimo cha ngapi? Mmetumia vya aina ngapi?" Kama jibu ni kimoja, bado hujaambiwa kitu, omba vilivyobaki au rufaa ya kwenda kituo chenye navyo. Majibu yakigongana, cha kwanza kimeitika na kinachofuata kimekataa, huitwa yasiyokamilika, na unarudi baada ya siku 14 kupimwa tena. Siku hizo 14 usitangaze, usifukuze mtu nyumbani, wala usifanye ngono bila kondomu.

Vikiitika vyote vitatu, jibu ni la kuaminika sana. Anza dawa. Usizunguke mji mzima ukitafuta karatasi itakayokufurahisha.

Hatua ya 6: Karatasi ya homa ya ini

Hii inawachanganya hata wauguzi, kwa sababu karatasi moja ina mambo ya aina mbili. *Ag HBs* siyo kingamwili. Ni kipande cha kirusi cha homa ya ini B chenyewe. Kikiwa chanya, kirusi kimo, na kikiendelea kuwa chanya zaidi ya miezi sita, ugonjwa ni wa kudumu. *Ac anti-HBs* ni kingamwili za kinga. Kuanzia 10 kwenda juu kwenye karatasi, kwa kipimo cha mUI/ml, umelindwa. *Ac anti-HBc* huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na kirusi halisi, maana chanjo haizitengenezi.

Zisome kwa pamoja. Anti-HBs peke yake chanya: ulichanjwa, furahi. Anti-HBs na anti-HBc chanya, Ag HBs hasi: uliugua zamani ukapona. Anti-HBc peke yake chanya: hapa usikubali maelezo ya haraka. Inaweza kuwa ni ugonjwa wa zamani, jibu la uongo, au zile wiki ambazo kipande cha kirusi kimekwisha kuonekana na kinga bado haijatokea. Anti-HBc za aina ya IgM husaidia kutofautisha. Na ukipimwa siku chache baada ya chanjo, Ag HBs inaweza kuonekana kwa muda kwa sababu chanjo imetengenezwa kwa kipande hicho hicho. Subiri angalau wiki nne.

Kwa homa ya ini C, *Ac anti-VHC* chanya kwa kawaida maana yake uliwahi kuambukizwa. Takriban watu 3 kati ya 10 hupona wenyewe ndani ya miezi sita, na wanaotibiwa kwa vidonge vya siku hizi hupona zaidi ya 95%, lakini kingamwili hubaki miaka mingi, pengine maisha yote. Kabla ya kununua dawa, na kabla ya kusema zimeshindwa, pimwa vinasaba vya kirusi. Vidonge hivi ni ghali mno kununuliwa kwa kubahatisha.

Hatua ya 7: Jibu likitoka hasi

Rudi kwenye hesabu ya hatua ya 2. Hasi ndani ya kipindi cha ukimya ni jibu la kusubiria. Rudia siku inayofaa, na katikati jilinde. Hasi baada ya miezi mitatu kamili bila hatari mpya, kwa mtu asiyetumia dawa za VVU, ni hasi ya kuamini.

Hatua ya 8: Mtoto mchanga

Mama mwenye VVU humpitishia mtoto kingamwili zake tumboni, na huweza kubaki kwenye damu ya mtoto hadi miezi 18. Kwa hiyo kichanga kinachoitika kwenye kipimo cha kidole kinatuonyesha hali ya mama tu. Mtoto apimwe vinasaba kwa PCR: tone la damu ya kisigino hukaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara, kwa kawaida akiwa na wiki 4 hadi 6, na dawa za kinga apewe tangu kuzaliwa bila kungoja jibu. Akinyonya, hatari inaendelea, hivyo hasi ya wiki ya 6 haifungi jambo. Jibu la mwisho hutolewa akifika miezi 18, au miezi mitatu baada ya kuacha kunyonya, lolote litakalochelewa.

Mama, siku hiyo njoo na karatasi zote za nyuma. Kila moja iwe na tarehe ya damu kuchukuliwa, jina la kipimo kilichotumika na jibu la kila kipimo peke yake. Karatasi iliyoandikwa *positif* tu, bila hayo, irudishe dirishani kabla hujatoka getini, waijaze.